Winchi ya kupakia kiti mwendo nyuma ya Probox: miezi 14 ya matumizi hapa Moshi

Kiti changu kina kilo 23. Nilikipima kwenye mzani wa mashine ya kusaga iliyo jirani na nyumbani. Kijana wa mashine alishusha gunia la mahindi akanipa nafasi. Ni kiti cha magurudumu matatu, kile cha njia mbovu, gurudumu dogo limekaa mbali mbele, na hakikunjiki. Kwa barabara zetu sikibadilishi na kingine. Kinapita kwenye vumbi, kwenye kokoto, hata kwenye tope la masika ambako kiti cha hospitali chenye vigurudumu viwili vidogo mbele kinazama na kugoma. Tabu ilikuwa kukipandisha kwenye gari, na tabu hiyo nimekaa nayo miaka sita.

Nieleze kwanza hali yangu, maana kifaa ninachokisifia hapa kinamfaa mtu wa namna fulani tu. Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu. Mguu wa kushoto hauna nguvu, nauvalisha chuma. Wa kulia ni mzima, kwa hiyo naendesha gari la otomatiki bila kubadilishiwa kitu chochote. Kwa magongo natembea hatua chache, na nikishika ubavu wa gari natoka kwenye buti mpaka mlango wa dereva. Zamani nilitembea zaidi, ila mabega yamechoka kunibeba, na tangu nifikishe miaka 45 kiti ndicho kinachonizungusha shuleni kutwa nzima. Nafundisha sekondari, Jiografia na Kiswahili.

Miaka yote hiyo nilipakiliwa kiti na watu. Asubuhi mlinzi wa jirani, shuleni mlinzi wa geti, jioni tena hao hao kwa zamu. Walinisaidia kwa moyo na sitawasahau. Lakini siku yangu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mlinzi akienda kunywa chai, nasubiri ndani ya gari na madaftari yangu mapajani. Kikao kikichelewa, naanza kuangalia saa kabla ya wenzangu, kwa sababu najua zamu ya geti inabadilika saa kumi na mbili na anayeingia ana mgongo mbovu. Mitaani ndiyo usiseme. Pale Memorial, kwenye mitumba, wanakuja vijana watatu kwa mpigo, wote wana nia njema, kila mmoja anashika anapopaona. Mmoja alishika egemeo la mkono, ambalo huchomoka. Kiti kikaanguka kwa pembe, ubao wa miguu ukapinda, na mwezi mzima nikakaa mguu wangu umeegeshwa kwenye kipande cha mbao kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Kiti kile ni miguu yangu. Mtu hashiki mguu wa mwenzake bila kuuliza, na kuuliza kwenyewe ni neno moja tu.

Kabla ya winchi nilijaribu na kutazama mambo mengine. Niyapitie haraka, mtu asije akarudia hasara yangu.

Niliazimwa reli za aluminiamu, zile mbili zinazovutika na kurefuka. Kwa kiti cha magurudumu manne huenda zikafaa. Kiti changu gurudumu la mbele liko katikati, na katikati ya reli mbili hakuna kitu, ni hewa. Mbali na hilo, ukingo wa buti langu uko sentimita 61 kutoka chini. Mteremko unaoelekezwa kwa majengo, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, ungehitaji rampu ya zaidi ya mita saba, nami nilikuwa na reli za mita mbili. Kwa mwinuko ule unasukuma karibu kilo saba moja kwa moja mpaka juu. Kwa mtu mwenye mikono miwili huru si kazi kubwa. Mimi mikono yangu ndiyo inayonisimamisha.

Keria ya juu ya paa sikuifikiria hata kidogo. Mtu asiyeweza kuinua kiti sentimita 61 hakiinui mita moja na nusu.

Magari yaliyotengenezwa Japani kwa ajili ya viti mwendo, yale Toyota inayoyaita Welcab, ni mazuri sana kwa anayesafiri akiwa amekaa kwenye kiti chake. Matoleo ya Noah yana rampu nyuma na mtu anaingizwa kama alivyo. Nami nikiwa na mzazi asiyeweza kabisa kuhama kutoka kwenye kiti ningetafuta hilo. Ila mimi ndiye dereva, na gari ninalo. Mashine za viwandani za kufunga kwenye buti pia zipo, Bruno wa Marekani wanatengeneza, na Autochair wa Uingereza. Nilitazama picha zake usiku kucha. Ukiziangalia kwa makini unaona kitu kilicho rahisi: nguzo, mkono unaozunguka, mota, na mkanda. Nikasema moyoni, hapa Moshi kuna watu wanachomelea mageti na trela za matrekta, hiki nacho hawakishindwi.

Fundi wa kwanza alikataa. Wa pili alitaja bei bila kutazama gari. Wa tatu ni mzee wa karakana ndogo, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyeifanya kazi. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka Probox mara mbili, akakishika kiti akakitikisa, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Madamu, wakati kinapanda, wewe utakuwa umesimama wapi?"

Nikamwonyesha. Nikashuka, nikajishika kwenye kona ya nyuma, magongo nikayapanga kama ninavyoyapanga siku zote. Akachukua chaki akachora duara kuzunguka ncha ya kila gongo pale kwenye sakafu ya saruji. Akaniambia nikae. Akachukua mbao ya futi tatu, akamwambia kijana wake aishike kwenye kona ya kushoto ya buti na kuizungusha kama mkono wa winchi, kiti wakakiweka kwenye ncha ya mbao, na yeye akachuchumaa anaangalia zile duara. Gurudumu la kiti lilipita juu ya duara moja. Akafuta mpango wake wote. Alikuwa ameazimia kuweka nguzo kushoto, upande wa mtaro, kwa sababu ndiko fundi yeyote angeiweka. Akaihamishia kulia. Sasa mkono unatoka nyuma na kuzungukia kushoto kwenda ndani, unaondoka nilipo badala ya kunijia, na nikimaliza nimebakiza hatua nne kufika mlango wa dereva.

Hiyo saa moja ya chaki ndiyo iliyonifanya niamini kazi yake, na hata kasoro zilizokuja baadaye hazijaniondoa hapo.

Kifaa chenyewe ni hiki. Nguzo ni bomba la mraba la inchi mbili, limechomelewa kwenye sahani nene ya chuma iliyokazwa kwa bolti nne kwenye sakafu ya buti. Juu yake kuna mkono wa sentimita 90 unaozunguka kwenye beringi. Winchi ni ya umeme, volti 12, zile ndogo zinazofungwa kwenye pikipiki za magurudumu manne, nayo imekaa chini ya nguzo ili uzito wake usiwe juu. Waya mnene umetoka kwenye betri mbele ukapita chini ya zulia. Swichi ni ya kushika mkononi, ina kitufe cha juu na cha chini. Nalaza kiegemeo cha mgongo, nanasa kulabu, nabonyeza. Kiti kinapanda kwa sekunde kama 20, kwa sauti ya kusaga kahawa. Nakisukuma kwa kidole, kweli kwa kidole, kinaingia ndani. Nashusha, nakifunga mkanda, nafunga mlango. Kati ya kulabu na paa inabaki nafasi ya vidole vinne, hivyo mwenye kiti kirefu kuliko changu apime kwanza. Kazi nzima, kuanzia kushuka kwenye kiti hadi kukaa kwenye usukani, ni dakika nne. Zamani ilikuwa ni kulingana na mlinzi.

Sasa kasoro, na hapa nitakaa kidogo.

Wiki ya kwanza tu niliona sakafu ya buti imeanza kuvimba kuzunguka sahani. Bolti zilikuwa zimepita kwenye bati peke yake. Kilo 23 zikining'inia mwisho wa mkono wa sentimita 90 hazibaki kilo 23 zikifika kwenye bolti. Zinang'oa kama mtu mwenye mtaimbo. Bolti zangu zimeachana sentimita 20, kwa hiyo zile za upande mmoja zinavutwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 100, na bati la gari halikutengenezwa kwa hilo. Tulirudi, akaweka sahani nyingine chini ya gari, pana kuliko ya juu, ikashikana na boriti ya chesisi, bati likabanwa katikati. Tangu siku hiyo halijasogea. Unayetaka kutengeneza, dai sahani ya chini tangu mwanzo, na ulale chini uione au umtume mtu aipige picha.

La pili lilinitisha zaidi. Hakuweka fyuzi. Waya unaotoka kwenye betri hadi nyuma ya gari, ukichubuka mahali popote ukagusa bodi, unageuka kuwa jiko. Aliyeligundua ni fundi umeme wa magari niliyempelekea kwa sababu nyingine kabisa. Akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, siyo nyuma, kwa sababu inatakiwa kuulinda waya wote. Yule mzee nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, "Madamu, nisamehe, hilo nimekosea." Kazi za umeme sasa anampa mwenzake. Nilimsamehe, lakini naliandika hapa kwa sababu mtu mwingine anaweza asipate bahati yangu.

Winchi ilikuja na kamba ya waya wa chuma. Baada ya miezi miwili nyuzi zake zikaanza kukatika moja moja na kusimama kama miiba, nami naongoza kamba kwa kiganja. Niliibadilisha nikaweka mkanda bapa. Pia kulabu moja haitoshi. Kiti kilipanda kimeinama na gurudumu la mbele likakwaruza bampa, mkwaruzo bado upo. Dawa yake ni mikanda minne mifupi inayokutana kwenye pete moja, ya mbele mifupi na ya nyuma mirefu au kinyume chake, unajaribu mpaka kiti kikae sawa. Inafungwa kwenye fremu, kwenye bomba lenyewe, kamwe isifungwe kwenye kitu kinachochomoka.

Na mteremko. Anayeijua Moshi anajua kwamba ardhi yote hii inatoka mlimani kwenda chini, na sehemu tambarare unaitafuta. Nilikwenda msibani Kibosho, nikaegesha pua ya gari ikitazama juu. Nikakinyanyua kiti kidogo kutoka kwenye sakafu ya buti, na kabla sijakigusa mkono ukajizungusha wenyewe, kiti kikatoka nje kwa kasi, kikapita mbele ya kifua changu na kuning'inia huko nyuma kikiyumba. Kama nguzo ingekuwa kushoto, pale kwenye mpango wa kwanza, kingenikuta. Nilikaa chini kwenye nyasi mpaka mikono ikaacha kutetemeka, na mama mmoja wa pale msibani akaniletea maji, akanipangusa jasho kwa kanga yake bila kusema kitu.

Kesho yake nilikuwa karakana. Sasa mkono una matundu matatu na pini: nje, katikati, ndani. Pini haitoki mpaka nimeshika kikamba kilichofungwa kwenye fremu ya kiti, na ndicho ninachokiongozea. Gari linakuwa kwenye gia ya P, ile ya kuegesha, breki ya mkono juu, na jiwe nyuma ya tairi. Jiwe lenyewe nalibeba. Injini naiacha inaunguruma wakati wa kuinua, betri isije ikalala.

Tatizo moja halijatibika. Nguzo ikiwa kulia, nami nasimama kulia, na kulia ndiko magari yanakopita nikiegesha kando ya barabara. Mjini natafuta sehemu ya kuingia ndani, uwanja wa kanisa, kituo cha mafuta, au naegesha mbali zaidi na kuendesha kiti kwa umbali. Barabara ya Arusha sithubutu.

Swichi iliingia maji mvua za Aprili na kuanza kufanya kazi inapotaka. Nimeivisha kipande cha tyubu ya baiskeli, imetulia.

Kwa hela: winchi 290,000, vyuma na bolti 120,000, waya, fyuzi na swichi 75,000, ufundi 150,000. Marekebisho ya sahani ya chini na mkanda yakaongeza 55,000. Jumla shilingi 690,000. Ni fedha nyingi kwa mwalimu, nililipa kwa mafungu matatu na mzee alikubali bila maandishi.

Nani asihangaike nayo? Mwenye kiti kinachokunjika, chepesi, chenye magurudumu ya kuchomoa. Chomoa magurudumu, pandisha kimoja kimoja, weka kipande cha zulia kwenye ukingo wa buti ili fremu iteleze; hela yako ibaki mfukoni. Na asiyeweza kusimama kabisa na anasafiri peke yake, winchi ya buti haimsaidii, kwa sababu kiti kikishapanda nyuma yeye atafikaje mbele? Wenzangu walioumia uti wa mgongo huhamia kwenye siti ya dereva kwanza, wakavunja kiti vipande na kukipitisha juu ya kifua kwenda siti ya abiria. Ni ufundi mwingine, na unadai kiti cha namna nyingine. Hapa Moshi hatukosi wa kutushauri, maana TATCOT, chuo kilicho pale hospitali ya KCMC, ndiko wanakosomea mafundi wa viti mwendo na viungo bandia kutoka nchi nyingi. Muulize mtu aliyesomea kiti kabla hujamwendea mtu anayejua chuma. Mimi nilianzia kwa wa chuma, na nimelipia.

Jambo lingine, na hili nasisitiza kwa nguvu zangu zote: usimwinue binadamu kwa winchi hii. Nimeshaombwa. Baba mmoja aliiona akataka tumtengenezee mkewe ya kumtoa kitandani kumweka garini. Winchi hizi zimeundwa kuvuta, breki yake haikukusudiwa kushikilia uhai wa mtu hewani. Hata kiti chenyewe sipitishi mguu wala kidole chini yake kikiwa juu.

Jumamosi ya kwanza baada ya pini kuwekwa nilikwenda Memorial. Niliegesha kwenye tambarare, nikashusha kiti, nikakaa. Wale vijana walikuja mbio kama kawaida, wakasimama, wakaangalia mkono unarudi ndani. Mmoja akauliza, "Shikamoo mwalimu, tukusaidie?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia leo hapana, asante, ila unionyeshe mashuka mazuri yako banda gani. Akatangulia, tukaenda. Nilikaa sokoni saa tatu. Nilichagua shuka, nikalirudisha, nikachagua lingine, nikanywa juisi ya miwa, nikakutana na mwanafunzi wangu wa mwaka 2009 tukazungumza mpaka jua likahama. Sikuangalia saa hata mara moja.

Mkanda nimeshaubadilisha tena mwezi uliopita. Unaanza kuchanika karibu na pete, sentimita tano za mwisho, hapo ndipo pa kutazama kila Jumapili. Beringi inataka grisi kila baada ya miezi mitatu, na kipindi cha vumbi la Agosti kila mwezi.